Nepi Zimenyooka

Wodi ya Kina Mama, kitanda cha 9
Jumatatu, 3 Juni

Mume wangu,

Mimi nipo. Mshono wa upasuaji wa uzazi wameufungua upya, wameusafisha, wameufunga tena. Usaha ulikuwa umeingia ndani. Daktari anasema wiki mbili, pengine na zaidi. Wageni hawaruhusiwi, mtoto ndiyo kabisa, na simu zetu muuguzi mkuu amezifungia kabatini kama mali ya wizi.

Lakini leo nimemwona dereva wenu dirishani. Kumbe mashuka ya hospitali hii mnafua nyinyi! Amekubali kubeba barua. Anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, anasubiri mashuka yahesabiwe, anaondoka. Kwa hiyo ukiona mwandiko unakimbia, ujue na mimi nakimbizwa.

Sasa nisikilize. Wiki saba hizi tangu azaliwe hujambadilisha nepi hata mara moja. Sikulaumu. Kila uliposogea nilikuambia, "Lete huku, utamvunja." Leo hakuna wa kukuambia lete.

Maji yawe vuguvugu, yajaribu kwa kiwiko, si kwa viganja vyako vilivyozoea pasi. Mfute kutoka mbele kwenda nyuma, usirudi. Mkaushe vizuri kwenye mikunjo ya mapaja. Ukipitisha pini, weka kidole chako kati ya nepi na tumbo lake. Kama ni kuchomwa, uchomwe wewe. Usingoje alie ndiyo ukumbuke. Na nepi ziwe safi na zinyooke, maana mkunjo ukibaki unamkata mapajani.

Niandikie kila kitu. Hapa nimelala tu nahesabu vigae vya dari.

Mkeo


Nyumbani
Jumatano, 5 Juni

Mama watoto (mtoto mmoja, kelele za watatu),

Barua yako nimeibandika ukutani, juu ya meza ninayombadilishia. Naisoma kama mtu anayeendesha mashine mpya.

Mara ya kwanza nilitumia muda wa kupiga pasi mashati sita. Nilifungua pini, nikakosa pa kuiweka, nikaibana kwa meno. Nikamwinua miguu. Nikasema moyoni, mbona rahisi! Hapo hapo akamalizia haja iliyobaki kwenye mkono wa shati langu. Nikamfuta, nikamfunga, nikamsimamisha begani, nepi ikashuka yenyewe mpaka kwenye vifundo. Tukatazamana. Nikaanza upya.

Nimempa cheo. Unamjua yule mkaguzi wetu kazini, anayesimama mwisho wa meza na kuturushia shuka lolote lenye doa? Basi mwanao ni huyo huyo. Namaliza kazi, ananiangalia hivi, anairudisha. Mkaguzi mkuu.

Bosi amenipa likizo ya wiki tatu, kwa hiyo usiwaze. Na kuhusu nepi, mke wangu, unamwandikia nani? Miaka tisa nafua nguo za watu. Nepi za mwanao zimenyooka kuliko hayo mashuka unayolalia.

Dada yako amefika mjini, ametusalimia. Amefunua masufuria yote, akayafunika, akasema atarudi.

Mkaguzi analia kidogo ninapomfunga. Nadhani bado ananiona mgeni.

Mumeo


Wodini
Ijumaa, 7 Juni

Mume wangu,

Nimecheka mpaka mshono ukanivuta na mgonjwa wa kitanda cha 10 akaniitia muuguzi. Mara ya pili niliisoma nikiwa nimeshika tumbo.

Lakini ule mstari wa mwisho umenikaa. Analia unapofungua au unapofunga? Anakunja miguu au anairusha? Ukimwacha bila nepi ananyamaza? Ngozi yake ikoje? Nijibu moja moja, usinichanganyie na masufuria.

Maziwa nayakamua na kuyamwaga sinkini, dawa ninazomeza haziruhusu. Kila nikimwaga nakuwaza wewe na ile chupa. Mnyweshe polepole.

Dada usigombane naye, ana moyo mzuri. Ila mtoto asilale kwake. Unakumbuka ya binamu yangu: alimwachia Dada mtoto kwa mwezi mmoja, apate nafasi ya kutafuta kazi. Mtoto yule sasa yuko darasa la nne, na mama yake aliyemzaa anamwita shangazi. Hakuna aliyemwiba. Mwezi uliongezwa tu, ukaongezwa tena.

Nijibu.

Mkeo


Nyumbani
Jumatatu, 10 Juni

Mama Mkaguzi,

Sisi wazima. Jua linawaka vizuri, nguo zinakauka haraka. Wenzangu wa meza ya kuchambua nguo chafu wamekutumia salamu, na yule mnene anasema ukirudi umletee sabuni ya hospitali, eti inanukia uzito.

Mkaguzi ameanza kucheka, au ni gesi.

Uliuliza mambo ya ngozi. Ngozi yake ni ya mtoto. Wewe pona kwanza, maswali yatakuongezea homa. Dereva anapiga honi.

Mumeo


Nyumbani kwako
Jumatatu, 10 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa dereva mimi mwenyewe. Mumeo hajaisoma.

Jana nilifika mchana nikamsikia mtoto tangu nje. Nikamwambia shemeji, "Hebu lete." Akasema, "Nimetoka kumbadilisha sasa hivi, shemeji, yuko sawa." Nikafungua nepi. Mdogo wangu, sikufichi: matako mekundu, kiuno kimechubuka kama amefungwa kamba, na kwenye mapaja ngozi imetoka, pana damu. Nikauliza, tangu lini? Akasema tangu Jumatano jioni. Siku nne! Nikambeba mpaka zahanati. Wametupa dawa ya kupaka, wakasema kuna kitu kinamchoma, tukitafute.

Sisemi ni mtu mbaya. Nyumba safi, nepi amezipanga kama za dukani. Lakini mtu anayeona mtoto anatoka damu akakaa kimya, huyo simwelewi. Nilimuuliza, "Ulikuwa unangoja nini?" Akageukia ukutani, akaanza kuisoma barua yako.

Jumamosi narudi kwangu. Unajua basi linachukua kutwa nzima, kwa hiyo si safari ya kwenda na kurudi. Nataka niondoke na mtoto, akae kwangu mpaka atembee. Wewe utapona bila wasiwasi. Mumeo anasema hamtoi bila neno lako la maandishi. Niandikie neno moja tu: mchukue.

Dada yako


Wodini
Jumatano, 12 Juni

Baba wa mtoto,

Dada ameniandikia.

Nilikuuliza maswali manne, ukanijibu sabuni inanukia uzito. Mtoto anatoka damu, wewe unaniandikia jua linawaka. Mimi niko hapa na bomba mkononi, macho yangu ni barua zako, na wewe umeyafumba.

Sitaki utani. Sitaki salamu za mtu yeyote. Niandikie kama unamwandikia kipofu: tangu unapomvua nepi mpaka unapomfunga nyingine. Unashika nini, unapaka nini, unamwaga nini, nepi inakwenda wapi na inarudije. Usiruke kitu kwa sababu unaona ni kidogo.

Barua yako nitaipata Ijumaa. Dada anasafiri Jumamosi. Nikisoma nikaona bado unanificha, nitaandika lile neno analolitaka. Sijaliandika bado. Nakuambia ukweli, kama ninavyotaka na wewe uniambie.

Mkeo


Nyumbani
Ijumaa, 14 Juni

Mke wangu,

Jana yule mnene wa meza ya kuchambua alikuja nyumbani ameshika kikaratasi kwa vidole viwili. Alikuwa anakung'uta foronya za Jumatano kutoka wodi yako, kikadondoka. Kimeandikwa: "Dada, mchukue. Baba yake hawezi." Hakina tarehe, hakina jina. Lakini k zako nazijua, zile zenye mkia.

Gari lililoniletea barua yako inayosema hujaandika, ndilo lililoleta na hicho kikaratasi.

Nimekaa nacho tangu jana. Jiko lilikuwa linawaka mbele yangu. Sikukichoma, na Dada yako sijampa. Kipo kwenye mfuko wa shati.

Nitakuambia kwa nini nilinyamaza. Siku ile wanakupandisha kwenye gari la wagonjwa, ulidhani nimeingia ndani kuchukua begi. Nilikuwa nyuma ya mlango. Ulimwambia jirani, "Atamuua huyu, hajui hata kumshika." Kwa hiyo Jumatano ile nilipoona wekundu, kabla sijamsikia mtoto nilikusikia wewe. Nikasema nitautibu kimya kimya, utapona, hutajua. Haukupona. Kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Sasa hatua. Sijaruka.

Namlaza mezani juu ya taulo. Nafungua pini, naiweka kwenye kisahani. Namfuta kwa pamba na maji vuguvugu, mbele kwenda nyuma. Namkausha. Nampaka dawa ya zahanati. Namfunga nepi safi, kidole kati, nimeshachomwa mara nyingi. Juu yake chupi ya plastiki.

Nepi chafu naisuuza kwa maji baridi. Halafu nailoweka kwenye dawa ya kung'arisha, vifuniko viwili kwa beseni, kipimo cha mashuka ya hospitali. Naichemsha. Nasuuza maji mamoja. Halafu wanga. Naupika ule mzito wa kola za mashati, maana mwepesi haushiki kitambaa kile. Naanika, nainyunyizia maji, naipiga pasi mpaka isimame yenyewe mezani. Uliandika zinyooke. Kazini kwetu nguo haijanyooka mpaka ishike wanga, unajua. Sijawahi kufua nguo ya mteja kwa moyo kama nilivyofua hizi.

Nikimfunga analia. Nikimfungua ananyamaza. Nilidhani ni pini. Halafu nikadhani ni mikono yangu, ina sugu, inamkwaruza. Tangu Jumamosi nambeba nikiwa nimevaa soksi mikononi.

Hayo ndiyo yote. Kama bado neno lako ni lile, liandike tena, lenye tarehe na jina. Nitampa Dada yako mtoto kwa mikono yangu mwenyewe.

Mumeo


Wodini, dereva anasubiri
Ijumaa, 14 Juni

Wanga! Mume wangu, wanga!

Mvue. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, weka barua chini umvue.

Umemvua? Sasa soma. Nepi yenye wanga ikiwa kavu ni kama boksi, inamkata. Akikojoa, wanga unageuka uji, unamgandia, na ile dawa ya kung'arisha ambayo haijatoka inapata maji, inamuunguza. Halafu juu yake plastiki. Hukuwa unamfunga nepi, ulikuwa unampikia kidonda.

Nilipoandika zinyooke nilimaanisha uzitandaze kwa kiganja kabla ya kumfunga, zisiwe na vikunjo. Basi! Mwanamke yeyote angeelewa hivyo. Lakini sikumwandikia mwanamke yeyote, nilimwandikia dobi wa miaka tisa, na sikufikiri. Neno ni langu. Hilo nalibeba mimi.

Fanya hivi. Chana fulana zako za zamani, zile laini nilizokukataza kuvaa mbele za watu, mlazie juu ya hizo bila kumfunga kitu, apate hewa. Akikojoa, acha akojoe, badilisha fulana. Nepi zote loweka maji ya uvuguvugu matupu, usugue mpaka utelezi uishe. Sabuni ya mche, kidogo. Suuza maji matatu, manne kama mkono bado unateleza. Dawa ya kung'arisha usiiguse. Plastiki tupa. Anika juani. Zikiwa za manjano mwache azivae za manjano, hakuna anayekuja kumkagua matako.

Na vua hizo soksi. Mikono yako haina kosa.

Kikaratasi ni mwandiko wangu. Nilikiandika Jumanne, baada ya barua ya Dada, nikakitia ndani ya foronya nisikione. Jumatano nikakuandikia kwamba sijaandika. Kisha wakanipeleka kusafishwa kidonda, nilivyorudi kitanda kimetandikwa upya. Nimekitafuta mpaka chini ya godoro la mwenzangu. Nilikudai ukweli huku nimeulalia uongo.

Na yale ya mlangoni niliyasema. Nilikuwa nahisi baridi, nikadhani nakufa, nikamtazama mtoto, nikaona hana mtu. Sikukuona wewe. Nisamehe kwa hilo. Lile la kunificha siku nne bado nina hasira nalo, tutalizungumza mimi nikiwa nimesimama.

Mwonyeshe Dada maneno haya: Leo Ijumaa, tarehe 14 Juni, mimi mama yake nasema mtoto haondoki. Anabaki na baba yake.

Usimfiche kile kikaratasi. Yatosha kufichana.

Wanafunga mifuko ya mas


Nyumbani
Jumatatu, 17 Juni

Mke wangu,

Nilimvua pale pale mlangoni, dereva bado ameshika usukani. Akauliza, "Kuna nini?" Nikasema, "Wanga." Akanitazama kama nimechanganyikiwa, kisha akaelewa, akavua kofia.

Tulishinda Ijumaa yote tukifua, ukiniruhusu kuita hivyo, mimi nafua na yeye uchi ananitazama. Maji sita, si manne.

Jumamosi asubuhi Dada yako akaja na begi. Lilikuwa tupu, la kumtilia nguo zake. Nikaweka karatasi zote mbili mezani, barua yako na kile kikaratasi, nikarudi nyuma.

Akasoma barua yako yote, midomo inacheza. Akachukua kikaratasi. "Hiki ndicho nilichokiomba," akasema.

"Ndicho, shemeji."

"Na ni mwandiko wake."

"Ni wake."

"Sasa mbona umenionyesha? Ungekitupa nisingejua."

Nikamwambia, "Umekuja kwa sababu nilificha. Nikificha tena, utakuwa umekuja kwa haki."

Akakaa. Akalitazama begi. Akasema, "Mtoto akikaa na kidonda, sheria ya karatasi hainihusu. Nakwenda naye." Akasimama kabisa.

Nikamwambia, "Basi nisubiri nivae viatu." Akauliza, viatu vya nini? Nikasema, "Anakokwenda na mimi nakwenda. Utanipa pa kulala jikoni. Nakoroma, nakula sana, na barua zote za mke wangu nitakuja kuzibandika ukutani kwako."

Akasema, "Wewe mwanamume una wazimu." Lakini hakucheka, nami sikuwa natania. Nilikuwa nimeshafunga kamba za kiatu kimoja.

Hapo ndipo mtoto akachafua. Dada yako akanyoosha mikono, nikasema, "Hapana, shemeji, samahani." Nikambadilisha na kiatu kimoja mguuni. Dada yako alisimama juu ya bega langu, hapumui. Nilivyomfunua akainama kuangalia. Damu hakuna. Wekundu bado upo, ila umekauka kingoni. Nikamfuta, nikampaka dawa, nikaitandaza nepi kwa kiganja, ya manjano kama meno ya mvuta tumbaku, nikamfunga.

Alilia. Nataka ujue, nisije nikakupambia. Alilia nilipogusa paja. Lakini nilipofunga pini alikuwa amenyamaza, anatafuta kidole changu amung'unye.

Dada yako akachukua begi lake tupu. Mlangoni akageuka, akakikunja kile kikaratasi mara mbili, akakitia kwenye pochi. Nikamwambia, "Shemeji, hicho si kimeshafutwa?"

Akasema, "Hakina tarehe. Nitakaa nacho. Siku nikija nikakuta kidonda kingine umekikalia kimya, nitakutolea."

Akaenda kuwahi basi. Mimi nikabaki na kiatu kimoja.

Sijui kama nilipaswa kumnyang'anya. Niambie.

Mumeo


Wodini
Jumatano, 19 Juni

Mume wangu,

Usimnyang'anye. Acha akae nacho. Nilikiandika mimi, na siku nilipokiandika nilikimaanisha, siwezi kumtuma mtu akanifutie. Kila nikikuficha kitu nitakumbuka kipo kwenye pochi ya Dada, safari ya kutwa kutoka hapa, na wewe kumbuka hivyo hivyo. Nimemwandikia, nimemshukuru kwa zahanati. Sikumwomba akirudishe.

Hasira yangu imebaki kidogo. Nimeisoma ile ya kiatu, ikapungua, halafu nikakumbuka siku nne, ikarudi. Itakuwa hivyo kwa muda. Wewe usiiogope, na usiandike utani kuifukuza.

Daktari amekagua mshono leo. Natoka Ijumaa kwa gari la hospitali, mchana. Amenikataza kuinua chochote kizito kwa mwezi mzima, nikamuuliza na mtoto je, akasema mtoto ndiye nilikuwa namzungumzia. Kwa hiyo meza ile ni yako bado.

Nina jambo nataka kukuambia kabla sijafika, maana mdomoni litanishinda. Karibu wiki tatu sijamgusa. Maziwa yamekauka. Harufu yangu sasa ni ya dawa na mashuka. Jana nilichukua foronya nikaikunja kama nepi, nikajaribu kuifunga kwenye mto, mgonjwa wa kitanda cha 10 akaona, akageukia ukutani ili nisione aibu. Vidole vimesahau, au nimeogopa tu, sijui.

Ijumaa mlaze wewe mezani, kisha uniachie nijaribu. Atanililia. Najua atanililia, ataniona mgeni, na mimi huenda nikakuambia mchukue. Usimchukue. Simama hapo hapo karibu yangu, umshike miguu, unionyeshe anavyopenda.

Mkeo